Jibu: Namuuguza mama peke yangu, mgongo umekwisha

Pole sana dada. Umesema mama amepooza upande wa kulia tangu apate kiharusi, unamgeuza peke yako usiku kucha, na ndugu zako wanatuma hela tu.

Leo hii mkague kiunoni, matakoni na visiginoni, uone kama kuna vidonda vya kulala sana. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu: gusa. Pakiwa peusi zaidi, pa moto au pagumu kuliko pembeni yake, kidonda kinaanza. Usipasugue, asipalalie, na muuguzi apaone mapema.

Kumgeuza, tandika shuka lililokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, uvute shuka. Ule mkono uliopooza usiuvute kamwe, bega linateguka upesi. Nilimuuguza baba hivyo, na mgongo wangu ulipata nafuu.

Kuhusu ndugu, “nisaidieni” haitoshi. Kwetu hakuna aliyekuja mpaka shangazi alipoandika zamu kwenye grupu la ukoo, jina kwa jina: kaka alale pale Ijumaa na Jumamosi, aliye mbali alipe dada wa kufua. Hela ni msaada, lakini haimgeuzi mgonjwa saa nane usiku. Na zamu yao ikifika, wewe ukalale nyumba nyingine kabisa.