Shangazi Anajibu: Muvi ya Lipstick Imewavuruga

Jamani barua za safari hii karibu zote ni za muvi moja, ile ya Kihindi inaitwa Lipstick Under My Burkha. Ya siku nyingi kidogo, ya 2016, ila naona vijana wa kuingiza muvi kwenye flashi hapa Dodoma wameifufua. Kwa ambao hamjaiona, ni wanawake wanne wa mji wa Bhopal huko India, wanakaa jengo moja kuukuu, kila mmoja ana kitu anakitaka na anakificha. Imeongozwa na mwanamke, Alankrita Shrivastava. Haya tuanze, majina nimeyaficha kama kawaida.

Shangazi shikamoo. Nipo Nkuhungu, nina watoto watatu, mume wangu dereva wa malori anaenda mpaka Kongo, akirudi anakaa siku chache anaondoka. Nilikuwa naangalia hiyo muvi na mashoga zangu akaingia akakuta ile sehemu mbaya, akazima tivii akasema hizo muvi za kimalaya, mama mkwe naye akadakia. Sikujibu kitu ila usiku sikulala, maana yule Shireen ni mimi kabisa. Mume akirudi haulizi kama nimechoka wala kama naumwa, akimaliza anageukia ukutani. Sasa anataka mtoto wa nne na mimi niliweka kijiti kimyakimya. Nimwambie? Na kuangalia muvi kama ile ni kosa?

Marahaba mwanangu. Kuangalia si kosa, we mtu mzima, ila watoto wawe wamelala.

Huyo Shireen kwa wasiomjua, kaigizwa na Konkona Sen Sharma, ana watoto watatu kama wewe, mume alikuwa Saudia karudi, kondomu hataki, kuongea hataki, mwanamke kashatoa mimba kashameza vidonge vya dharura mpaka mwili umechoka. Na kumbe kwa siri anauza vitu nyumba kwa nyumba na anauza kweli kweli, kazini wanampandisha cheo! Mume alipojua hakumpongeza, alimwambia yeye ni mke asijifanye mume, afu akamwonyesha kitandani nani mkubwa. Hiyo sehemu mumeo anaiita ya kimalaya mi naona haina umalaya wowote, ile ni ndoa halali kabisa na ndo maana inauma kuiangalia, hakuna anayefurahi pale, kamera inakaa kwenye uso wa mwanamke mpaka unatamani waikate.

Kuhusu kijiti. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure na nesi hapaswi kukudai ruhusa ya mume, kwaiyo hapo hujavunja kitu. Ila kuna kijiti cha miaka 3 na cha miaka 5, angalia kadi yako ujue chako kinaisha lini, kisije kikaisha muda we bado unajua uko salama. Na kijiti hakizuii Ukimwi wala kaswende, mume wa barabarani huyo, pimeni wote wawili, na hapo simtukani, ni kazi yake ilivyo.

Nimwambie nisimwambie, hilo linategemea mkono wake. Kama amewahi kukupiga, usimwambie mkiwa peke yenu, tafuta kwanza mtu anayemheshimu. Kama ni mkali wa mdomo tu, mwambie, lakini usianze na kijiti, anza na mwili, mwambie naumia, nachoka, watoto watatu nawalea peke yangu we uko Kongo. Mwanaume ambaye hajawahi kuulizwa na yeye anapenda nini atauliza wapi? Wengi wao wanajua vidonge vya nguvu tu.

Na sheria ntakwambia ilivyo hata kama haifurahishi. India mume akimlazimisha mkewe haihesabiki kubaka, na sisi Kanuni ya Adhabu yetu inamtambua mke aliyelazimishwa pale tu walipokwisha tengana. Ila kupiga ni kitu kingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na dawati la jinsia polisi lipo kwa ajili hiyo.

Shangazi mambo, mi wa UDOM hapa. Kuna mshikaji anabisha eti hii muvi ilipigwa ban India. Kweli au fiksi?

Kweli nusu. Bodi yao ya filamu mwanzoni mwa 2017 ilikataa kuipa cheti, na moja ya sababu waliyoandika ni kwamba hadithi imeelemea upande wa wanawake na ndoto zao. We fikiria, bodi iliyopitisha miaka nenda rudi nyimbo za wasichana wanakatika mvuani, ndo ikashtuka hapo! Waliotengeneza wakakata rufaa, Aprili baraza la rufaa likaamuru wapewe cheti cha watu wazima, ikaingia kumbini tarehe 21 Julai 2017. Na kabla ya hapo ilishashinda tuzo Tokyo na nyingine hapo hapo Mumbai, ya filamu bora kuhusu usawa wa kijinsia. Mpe mshikaji wako nusu ya dau.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, nina miaka 57, mume wangu alifariki miaka mingi imepita. Kuna mzee mstaafu tunaelewana, tunapigiana simu usiku. Mwanangu mkubwa alichukua simu yangu akasoma meseji akawaita wenzake, wakanikalisha kama mtoto. Wakasema namdhalilisha baba yao. Binti yangu ndo aliniletea hiyo muvi kwa siri, nikalia. Je kwa umri huu ni aibu?

Nzuri dada yangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Najua ulilia wapi. Yule Usha, Ratna Pathak Shah ndo kamcheza, ana miaka 55, mjane, mtaa mzima unamuita Buaji yaani shangazi (na mimi mnaniita hivo hivo, nilijiinamia kidogo), mpaka pale kwenye bwawa la kuogelea anapoulizwa jina inabidi kwanza alikumbuke. Anasoma vitabu vya mapenzi kavificha ndani ya vitabu vya dini. Anampigia simu kijana anayemfundisha kuogelea bila kujitaja. Hakuiba mume wa mtu, hakuacha wajukuu na njaa, ni sauti tu kwenye simu usiku, lakini walivyogundua walimtupia nguo na vitabu nje majirani wanaangalia, tena waliomtupia ni watoto aliowalea mwenyewe.

Aibu pale ni ya nani? Mi naona ya waliomtupia vitu nje.

Sasa yako. Watoto hawana kauli hapo, Sheria ya Ndoa hiyo hiyo inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa tena na mwanaume anayemtaka mwenyewe. Lakini nawajua vijana wetu, mara nyingi wanasema heshima ya baba kumbe wanawaza kiwanja. Kwaiyo mambo ya mirathi yawe yameandikwa na hati ijulikane ni ya nani kabla mzee hajaleta posa, na huyo mzee mpime naye, miaka haizuii virusi. Afu weka namba ya siri kwenye simu bana.

Ila usiitegemee muvi ikupe njia. Mwisho wake wale wanne wanakaa chini wanavuta sigara moja wanacheka, hakuna aliyeshinda chochote. Wengine wanaulaumu huo mwisho, mi naupenda. Ninachoilaumu ni wanaume, karibu wote wabaya, ingekuwa na hata mmoja anayesikiliza mumewe yule wa Nkuhungu angekosa kisingizio.

We shangazi unaharibu wake zetu. Mambo ya mwanamke kutaka ni ya Wahindi na Wazungu, sisi huku Mpwapwa hatukuwa nayo. Mke wangu anataka kuiangalia, nimruhusu? Mume wa mtu.

Kaka yangu, hatukuwa nayo? Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta mkoa huu wetu wa Dodoma wanawake 47 katika kila 100 wamekeketwa, wakati kumkeketa mtoto wa kike ni kosa la jinai tangu 1998. Waliokuwa wanakata walikuwa wanakata nini kama hakukuwa na kitu? Bibi zetu walijua fika hamu ipo, ndo maana walileta wembe.

Kumruhusu sijui, kwani yeye alikuruhusu kuniandikia? Angalieni wote, na ikifika ile sehemu ya Shireen usijifanye unaenda kutafuta chaja.