Stika ya i7 Ilivyoniliza Kariakoo

Juzi usiku kijana mmoja kaniandikia: "Dada, nimeona laptopu i7 kwa laki nne na nusu, RAM 8, haina mkwaruzo. Nichukue?" i7 ni jina la kundi la prosesa za Intel, na prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Nikamuuliza ni i7 ipi. Akajibu, "i7, dada. Ina stika kabisa."

Nilicheka, halafu usingizi ukanipaa. Mwaka 2022 aliyeamini stika nilikuwa mimi.

Wakati huo nilianza kupata vikazi vya kuhariri video za harusi, naazima kompyuta ya rafiki usiku, asubuhi narudisha. Zamu yangu kwenye mchezo ilipofika nikabeba laki sita na themanini hadi Kariakoo. Muuzaji ana mdomo mtamu, kanifungulia soda, kaiwasha mashine, ikawaka. Kona zote zimechubuka ila stika ya i7 inang'aa kama ya jana. Hapo tu ningeshtuka. Nikauliza swali moja, "Ni i7 kweli?" Akasema, "Kwani dada huwezi kusoma?" Kusoma naweza. Nikalipa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na video ya sendofu ya kukabidhi Jumapili. Naweka klipu ya tatu tu, Premiere Pro, programu ninayohariria, ikaganda. Nikaielekezea feni, nikaipandisha juu ya sinia la bati ipoe, nikazima, nikawasha. Jumapili ikapita, Jumatatu nayo ikapita. Mama wa bibi harusi alinipigia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili sikupokea. Advansi nilirudisha yote, na mpaka leo ukoo ule wakiwa na shughuli wanamwita mtu mwingine. Nawaona wakiposti.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu wakati ule. Akabonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, akaandika msinfo32, akagonga Enter. "Mama mdogo, hii ni i7-2620M." Nikamwambia sasa si ndiyo i7 yenyewe? Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto wa kidato cha tatu inauma.

Kumbe siri yote imo kwenye tarakimu zinazofuata kile kistari. 2620M inaanza na 2, yaani kizazi cha pili: prosesa ya mwaka 2011, kori mbili basi, yaani vichwa viwili tu vya kufanya kazi. Wakati ule Premiere Pro ilikuwa inataka Intel ya kuanzia kizazi cha 6. Nilikuwa nambebesha mzee gunia la saruji. i5-8250U, kizazi cha 8, ina kori nne na inaiacha mbali ile i7 yangu, ingawa mtaani ukisema i5 watu wanakuona hujajipanga. Na ukikuta namba inaanza na 1, soma tarakimu mbili: 10210U ni kizazi cha 10, 1135G7 ni cha 11.

Ndugu zangu, embe tunaliminya kabla ya kulipia. Kanga tunaikunjua yote tusome jina. Ikifika laptopu ya nusu milioni tunasoma stika! Muuzaji asipotaka uguse kibodi, aga uondoke. Ukishaona prosesa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance. Hapo utaona RAM, ile kumbukumbu ya kazi za papo hapo, ni kiasi gani na imekaa kwenye nafasi ngapi, na diski ni SSD yenye kasi au ni HDD ya kuzunguka. Diski ya GB 500 ikionyesha 465 usigombane na mtu, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Betri nayo ina cheti chake: andika powercfg /batteryreport kwenye ile programu nyeusi ya cmd, ifungue ripoti, linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Niliwahi kukuta moja imebaki chini ya nusu na mwenye duka ananiapia inakaa na chaji saa sita.

Kitu kingine, Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache za nyuma. Kwa hiyo chini ya 8 mimi siulizi hata bei.

Mwaka 2023 nilirudi Kariakoo, duka jingine. Safari hii niliizima HP ya watu, nikaiwasha huku nagonga F10 niione BIOS yenyewe, ile programu inayoamka kabla ya Windows, maana maandishi ya ndani ya Windows mjanja anaweza kuyachezea. Muuzaji akaniuliza, "Wewe ni fundi?" Nikamjibu ndiyo. Nikatoka na 8250U kwa laki tano na nusu, na ndiyo ninayoandikia hapa.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, kirefu kuliko hivi, mpaka saa saba usiku. Nikamwambia aniandikie msinfo32 inasemaje. Jana jioni akajibu: i7-3520M. Kizazi cha tatu, kori mbili. Nilikuwa bado naandika "usichukue" ujumbe wa pili ukaingia.

"Nilishalipia asubuhi, dada. Kibodi yake inawaka taa."