Barua kwa mwanangu: Mwenye shamba ni anayejua maji yake

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na za wajukuu pia. Umeniuliza kama bei anayoitoa yule bwana wa viwanja kwa majaruba ya marehemu baba yako ni bei ya haki, na umetaka nikujibu upesi kwa sababu mkopo wa nyumba huko Surabaya unakubana. Upesi siwezi, mwanangu. Tangu barabara ya kulipia ya Solo kwenda Yogyakarta ianze kukata mashamba ya hapa kwetu Klaten, Indonesia, wapima ardhi na madalali hawaishi kijijini, na kila mmoja ana bei yake. Waliolipwa fidia, wako waliojenga na kununua magari, wako waliokwenda kutafuta majaruba mengine mbali na hapa. Siwalaumu. Lakini kila nikikaa nikufikirie hiyo bei, kinachonijia ni jambo jingine: shamba lile hasa ni la nani.

Mwenye shamba ni anayejua maji yake. Najua utasema Mama kaanza tena. Neno hili umelisikia tangu udogo wako, ila nadhani sijakusimulia lilikonikaa kichwani.

Ni usiku wa kisomo cha arobaini ya baba yako, mwaka 2014. Wewe ulikuwa jikoni na kina mama wa jirani waliokuja kusaidia kupika, kama wanavyokuja hapa kwa kila nyumba yenye harusi au msiba. Wanaume walikuwa wamemaliza tahlili, wameshachukua vifurushi vyao vya chakula na kwenda zao. Simbah, bibi yako mzaa baba, alibaki barazani na tambuu yake, na mimi nilikuwa nakusanya gilasi za chai. Alikuwepo na binamu wa baba yako, yule wa Jakarta. Alizungumza na Simbah kwa Kijava cha adabu, kile cha juu kabisa, taratibu, bila kunitazama. Alisema mwenye pasi ya kigeni kama mimi hawezi kumiliki shamba, kwamba mwaka mmoja si muda mrefu, na kwamba ni heri shamba lirudi mapema kwenye ukoo kabla serikali haijalichukua. Gilasi zilikuwa mikononi mwangu. Sikujua niziweke wapi.

Simbah hakumjibu. Alitema tambuu, akafuta mdomo kwa ncha ya kilemba, akamwuliza: "Maji ya shamba letu huingia lini?" Yule bwana akanyamaza, alikuwa ameondoka kijijini tangu ujana wake. Ndipo Simbah akanigeukia mimi. Nikamwambia: usiku wa kuamkia Alhamisi, baada ya Isha, likishashiba shamba la bengkok, lile alilokuwa akipewa ofisa wa kijiji badala ya mshahara. Unafungua tuta kwenye kona ya kaskazini. Kona ya kusini huigusi, kaa wameitoboa, ukiifungua maji yote yanakimbilia kwa jirani. Simbah akatikisa kichwa, akaendelea na tambuu yake. Mpaka leo nikikumbuka usiku ule kifua kinanipanuka, na palepale kinaniuma.

Kinaniuma kwa sababu yule bwana hakusema uongo. Sheria ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, kifungu cha 21, inasema umiliki kamili ni wa raia peke yake. Mgeni akiupata kwa mirathi, ana mwaka mmoja wa kuuachia, la sivyo ardhi inaangukia serikalini. Wala hili si la Indonesia tu. Kwetu Tanzania mgeni hapewi ardhi ila kwa njia ya uwekezaji. Na Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilikuwa ya serikali. Zile eka tatu alizogaiwa babu yako kule Pemba, alipewa azitumie, hakupewa ziwe mali yake. Kwa hiyo nilikulia kwenye shamba lisilo letu, na nikaolewa kwenye shamba lisiloweza kuwa langu. Ukisema ningebadili uraia, kweli njia ilikuwepo. Lakini Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, ningelazimika kuuacha wa kwetu. Baba yako hakuwahi kunidai hilo tangu tulipooana Cairo, na sikuona kwa nini nimpe binamu yake kitu ambacho mume wangu hakukiomba.

Basi tukaenda kwa mthibitishaji wa hati mjini. Shamba baba yako alirithi kwa baba yake, kwa hiyo halikuwa chumo letu la ndoa. Langu lilikuwa thumuni ya mjane, na Simbah sudusi ya mama. Kilichobaki ni chenu, Yusuf mafungu mawili na wewe moja. Kisheria ndivyo, na kwa mila ya Kijava pia ndivyo: mwanamume hubeba mzega wenye mizigo miwili, mwanamke hubeba mmoja mgongoni. Simbah alikuwa hajui kuandika. Karani akamshika mkono, akakibonyeza kidole gumba chake kwenye wino wa zambarau, na yeye akasema palepale kwamba sudusi yake iende kwako. Mimi nikafuata na thumuni yangu. Walitaka sahihi ikanyage ile stempu ya rupia 6,000 ya wakati ule, nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi, na mkono wangu ulipita mbali, nikaambiwa nirudie. Ndiyo maana fungu lako halipungui la kaka yako, na naomba umkumbushe Yusuf kwa upole pale anaposema yeye ndiye mwenye sehemu kubwa.

Nimekaa miaka nikijiuliza kama siku ile nilipoteza kitu au sikupoteza. Lilipopiga tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, alfajiri, nyumba ya Simbah ilianguka yote, na nyinyi wawili tuliwatoa kupitia dirishani. Katika kaya hizi hizi, watu waliokuwa wenyewe wamelala chini ya turubai walikuja na majembe na mianzi, nyumba baada ya nyumba, mpaka tukapata paa. Hakuna aliyeniuliza pasi. Usiku vijana wa ulinzi wakipita, walichukua kwetu mchele wa jimpitan, ile konzi moja ya kila nyumba, kama walivyochukua kwa wengine. Huko ndiko nilikojiona mtu wa hapa. Lakini tena najijibu: Aisha, ujirani si hati. Jirani anakupa paa, hati hakupi. Nimekubali hivyo, kisha nikipita juu ya tuta lile asubuhi nakataa.

Sasa nikwambie linalonikosesha usingizi kuhusu swali lako. Mwenye shamba ni anayejua maji yake, na leo anayeyajua ni Pakde, tunayemwita hivyo kwa Kijava, yaani baba mkubwa. Tangu magoti yangu yaharibike, yeye ndiye anayelima kwa nusu kwa nusu, yeye ndiye anayeamka usiku kwenda kumsubiri ofisa wa maji afungue mfereji mkuu. Ile kona ya kusini ameijenga upya, sasa haivuji. Wewe mwanangu huijui zamu ya maji, na Yusuf haijui. Kwa neno langu mwenyewe, shamba ni lake kuliko lenu. Na hati yenye majina yenu nimeitia sahihi mimi. Nimeligeuza jambo hili huku na huku, sijapata upande wa kulishika. Mkiuza, yeye hapewi hata rupia moja kisheria, na wale wanawake wanaokuja kuvuna wakalipwa sehemu ya mpunga, nao hawatajwi popote. Msipouza, nyinyi mnalipa mkopo na yeye analisha familia yake, na kila msimu ananiletea magunia yetu bila kupunja.

Kuhusu bei, maana ndiyo uliyouliza. Huyo bwana anakutajia bei ya kiwanja, lakini jaruba la chini limo kwenye eneo la kijani, mashamba ya chakula yanayolindwa na sheria namba 41 ya mwaka 2009. Akitaka kujenga pale hatapata kibali kwa urahisi, na wako wanaomwagia kifusi kwanza ili shamba likauke, halafu waseme halikuwa shamba. Mwulize hilo uso kwa uso. Kodi ya muuzaji ni asilimia 2.5, ya mnunuzi hufika asilimia 5; asikubebeshe yake. Na usipokee malipo ya awali yoyote kabla hamjakaa mbele ya ofisa wa hati za ardhi, wewe na Yusuf pamoja.

Nilinuia nisikutolee hukumu. Jina langu halimo kwenye karatasi, na mwenye mkopo ni wewe, si mimi. Nimeandika mpaka hapa nikijizuia, na naona siwezi. Jaruba la juu, linalopakana na njia, kama mnabanwa, liuzeni. Nitasikitika lakini sitakasirika. La chini msiliuze. Maji yake yapo pale, na aliye na maji ndiye anayeweza kulima. Mwacheni Pakde alilime mpaka mmoja wenu atakapokuwa tayari kuamka usiku, au mpaka mwanawe mwenyewe atakapotaka kulinunua kwa bei anayoimudu. Hilo la mwisho Yusuf hatalipenda. Mimi nalipenda, na baba yako, ninavyomjua, angelipenda.

Mpunga umeshatoa masuke, kwa hiyo lolote mtakaloamua, mnunuzi asubiri Pakde avune kwanza. Mpigie Yusuf kabla ya kumpigia huyo bwana, tena umpigie leo, maana nasikia huyo bwana ameshampigia Yusuf.

Mama yako