Je, damu yenye mafuta humkinga mzamiaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Ujiji ninayezamia samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika kwa mtungi wa hewa, mara nyingi hadi meta 30. Wazamiaji walionitangulia hunihimiza nile migebuka iliyoungwa kwa mawese mengi kabla ya kuingia majini, wakisema kwamba damu yenye mafuta huzoea mgandamizo wa kilindini. Je, ni kweli?
Mzamiaji, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu, nakusihi usiyategemee mawese kuwa kinga, kwa kuwa mafuta ya mwili ni miongoni mwa mambo yanayomtia mzamiaji hatarini. Katika meta 30 mgandamizo ni takriban mara nne ya ule wa juu ya maji, lakini hauiminyi damu yako, maana damu pamoja na mafuta yake ni kimiminika, na kimiminika hakisongamani kwa urahisi. Kinachobadilika ni hewa unayoivuta: naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, huyeyuka mwilini kwa kadiri mgandamizo unavyoongezeka, na katika mafuta huyeyuka takriban mara tano zaidi kuliko katika maji. Tishu za mafuta, zenye mishipa michache ya damu, huipokea polepole na kuiachia polepole vilevile, na mzamiaji akiibuka kwa haraka inageuka viputo ndani ya mwili wake, kama soda inapofunguliwa. Wewe mwenyewe huwapandisha samaki wako kwa hatua, ukilisimamisha dramu njiani ili vibofu vyao vya hewa visivimbe. Kwao chanzo ni kingine, lakini subira hiyohiyo unaistahili wewe pia.

Mlo wa mawese hufanya nini, basi? Saa chache baada ya mlo mzito, damu ikizungushwa kwenye mashine ya maabara, majimaji yanayobaki juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano na maangavu, huweza kuwa meupe kama tui la nazi. Hayo ni mafuta yaliyo safarini kwenda kutumika au kuhifadhiwa, wala hayazuii mgandamizo.

Wapo viumbe wa vilindi vya bahari ambao tando za seli zao zina mafuta laini yasiyokakamaa chini ya mgandamizo mkubwa, ila hali hiyo imejengeka kwa vizazi vingi. Hata Wabajau wa Indonesia, wazamiaji wa pumzi moja tangu enzi za mababu, utafiti wa mwaka 2018 uliwakuta na bandama iliyowazidi majirani zao kwa takriban asilimia 50, yaani kiungo kinachohifadhi chembe nyekundu za damu.

Kumbuka pia kwamba ziwa letu liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia baharini hayafai hapa bila kurekebishwa. Panda taratibu, usizidi meta 9 kwa dakika, tulia dakika tatu katika meta 5, na usipande gari la Kasulu siku hiyohiyo, kwa kuwa barabara ile inakwea milima na hewa inazidi kuwa nyepesi. Ukipata maumivu ya viungo au ganzi ya miguu baada ya kuibuka, usirudi majini kuyatuliza. Lala chali, upewe oksijeni na upelekwe hospitali mara moja, ukamweleze daktari kina ulichofikia na muda uliokaa huko.