Ubingwa wa Spurs 1999 ni halali

Kaka, unasema kombe la San Antonio Spurs la NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 1999 ni "nusu kombe" kwa sababu msimu ulikuwa mfupi na Michael Jordan wa Chicago Bulls hakuwepo. Hayo maneno tunayasikia ukumbini Makande, Mombasa, kila timu ya bandari, KPA, wakimaliza mechi na watu wakabaki kubishania NBA. Kweli mechi za kila timu zilikuwa 50 badala ya 82, maana wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango tangu Julai 1998 kwa mzozo wa mishahara, ligi ikaanza Februari 5, 1999. Lakini tazama ratiba: mechi zote hizo ndani ya miezi mitatu, wakati mwingine timu inacheza siku tatu mfululizo. Huo ndio mteremko? Spurs walianza vibaya, ushindi 6 na vipigo 8, halafu wakapoteza 5 tu kati ya 36 zilizobaki. Na mtoano haukupunguzwa hata kidogo: Lakers ya Shaq na Kobe 4-0, Portland 4-0, Knicks 4-1 fainali. Hao Knicks walitokea nafasi ya nane kanda ya Mashariki na nyota wao Ewing alikuwa ameumia, kwa hivyo hapo una hoja kidogo, nakupa. Ama Jordan, alistaafu Januari, msimu haujaanza. Sasa Duncan, nyota wa Spurs, amngoje mpaka lini?