Mbwa Wangu Anatema Dawa, Nifanyeje?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mbwa wetu Bosko ana umri wa miaka 2. Wiki iliyopita alishikwa na homa, akakataa chakula, na daktari wa mifugo alipompima damu alituambia kuwa ana ugonjwa unaoletwa na kupe. Tulipewa kapsuli za doksisaiklini za siku 28. Siku ya kwanza niliificha kapsuli ndani ya wali wenye mchuzi wa samaki. Aliumaliza wali wote, akaiacha kapsuli katikati ya bakuli. Siku iliyofuata niliifungua nikaukoroga unga wake katika maziwa. Alilamba mara moja akatokwa na povu, na tangu hapo akiniona nimeshika bakuli hujificha chini ya benchi. Leo ni siku ya 5, ameanza kula na kuchangamka, na mume wangu anasema tusizidi kumtesa. Je, tuache?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nakusihi msiache. Vimelea vya ugonjwa huu huishi ndani ya chembe nyeupe za damu, na ingawa mbwa aliyeanza dawa mara nyingi hupata nafuu ndani ya siku 1 au 2, vimelea vilivyosalia vinaweza kujificha katika wengu na kurudi miezi kadhaa baadaye, vikiwa vimeharibu uboho wa mifupa, hata mbwa akaanza kutokwa na damu puani. Mpigieni leo daktari aliyemtibu, mweleze ni dozi ngapi hazikuingia, na msimpe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia.

Povu uliloliona lilitokana na uchungu wa dawa. Ganda la kapsuli limewekwa kuufunika uchungu huo, na ukilifungua unaumwaga wote juu ya ulimi wake. Maziwa nayo yana kalsiamu, ambayo huishika dawa hii tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini, kwa hiyo hata kama angeyanywa yote asingefaidika ipasavyo.

Sasa liweke kando lile bakuli, kwa kuwa ameshajifunza kuliogopa. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, uyakate vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba. Kabla ya mlo wake, akiwa na njaa, chukua vipande vitatu, uichomeke kapsuli ndani ya kimoja kwa mkono mmoja na kukifinya kwa mkono wa pili, ili harufu ya dawa isishike nje ya nyama. Mpe kwanza kipande kitupu, akitafune kwa raha. Kisha mpe chenye dawa, huku cha tatu ukikishika karibu na pua yake akione. Mbwa anayekikimbilia kipande kinachofuata humeza alichonacho bila kukichunguza. Mimi mwenyewe, ninapowapa mbwa dawa, huyategemea maini kuliko nguvu za mikono yangu.

Akigundua hila hiyo, mpe kwa mkono. Simama ubavuni mwake, usimkabili usoni. Shika taya la juu kutoka juu, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, nyuma ya meno ya chonge, uinue pua yake kidogo. Taya la chini litalegea. Iweke kapsuli katikati ya ulimi, mbali kuelekea kooni, umfunge mdomo na kumpapasa koo taratibu. Ukiona ulimi umechomoza na kulamba pua, amemeza. Hapo hapo mpe tonge la chakula au maji kidogo, kwa kuwa doksisaiklini ikikwama kwenye umio huuchoma na kuutia vidonda. Maji ukiyatia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yapitishe pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, kichwa chake kikiwa kimelala sawa, yasije yakaingia mapafuni. Kazi hii wasipewe watoto, na akinguruma au kuonyesha meno, acha, umwombe daktari dawa ya maji.

Wengine huficha dawa katika siagi ya karanga. Haina ubaya, ila soma kopo kwanza: ile iliyotiwa zailitoli badala ya sukari ni sumu kwa mbwa. Vitunguu, vya maji na saumu, pia huharibu damu yake, na wewe unamtibu mbwa ambaye damu yake tayari imeshambuliwa.

Kuhusu benchi, usimvute kutoka chini yake. Mara tatu au nne kwa siku kaa chini karibu naye ukiwa na kipande cha ini kisicho na dawa, umwite kwa jina, umpe akija, kisha umwache aende zake.