Hiyo "saa 12" si magharibi, yakhe!

Weka chini hiyo chupa ya dripu kwanza. Umeandika karatasi ya babaako inasema "lita 1, saa 12", na wewe unataka kuitundika baada ya adhuhuri ili magharibi iwe imekwisha. Nimesoma mwili ukanisisimka. Pigia simu wodi mliyotoka, sasa hivi, uwaulize: ni saa 12 ya jioni au ni muda wa saa 12?

Mie mwaka juzi mamaangu aliruhusiwa tukarudi Konde na karatasi ya "500 ml, saa 8". Mama ana maradhi ya moyo, miguu inavimba. Nikafahamu saa 8 mchana, maana Mswahili ukimwambia saa 8 hutazama ukutani. Ilikuwa saa 7 na robo. Nikamuuliza bwana mmoja wa duka la dawa, yule anayevaa koti jeupe hadi sokoni, akanambia, "Fungulia tu, maji hayamdhuru mtu." Maji hayamdhuru mtu! Kawaambie wavuvi.

Nikakisukuma kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, kinachopunguza na kuongeza mwendo wa maji, mpaka mwisho. Hayakuwa matone tena, ulikuwa mfereji. Saa 8 kasoro dakika 5 chupa tupu, na mie nishajiona muuguzi. Hadi picha ya chupa nikamtumia dada yangu.

Alasiri mama akaanza kukohoa. Kulala hataki, akilala anasema anazama. Kifua kinakoroma kama birika linalotaka kuchemka, na ncha ya kanga aliyojifutia mdomo ina povu. Kufika hospitali Wete, daktari hakuuliza hata jina: "Mmempa maji kiasi gani, kwa muda gani?" Nilipomjibu alifumba macho. Oksijeni, sindano za kumkojoza, siku 6 kitandani. Pesa za karafuu za msimu ule ziliishia humo. Mama yu hai, alhamdulillahi, na wageni wakija hunitambulisha: "Huyu ndiye alotaka kunizamisha ndani ya nyumba."

Basi usikubali dripu ya kuandikiwa saa. Dai matone kwa dakika, kwa maandishi, na muuguzi ayahesabu mbele yako. Tazama na pakiti ya mpira: wa kawaida huwa matone 20 kwa mililita 1, wa watoto matone 60. Kwa ile yangu, 500 mara 20 ni matone 10,000. Kumbe saa 8 ulikuwa muda, yaani dakika 480. Gawa kwa hizo, unapata kama 21 kwa dakika. Ishirini na moja! Mie nilimpa zaidi ya 200. Shika saa, hesabu dakika nzima, kisha rudi tena na tena, maana mgonjwa akigeuza mkono tu mwendo hubadilika. Akianza kukohoa au kuhema, funga kigurudumu, mkalishe kitako, mkimbize hospitali. Usipite kwa bwana koti.

Uliuliza na mengine, msumari wa chandarua kama unatosha, na sijui nini tena. Mie nilitundika hapohapo. Ushapiga simu wodini?